Mwaka wa Difu ya Lameki

Tulimzika Lameki siku ya Jumatano, Kihesa, mvua ikinyunyiza, na wa mwisho kusema alikuwa mpwa wake, mwanamume wa makamo aliyevaa koti lililombana mabegani. Alisimulia jinsi mjomba wake alivyopanda mlima wa Mbeya kwa kigari kidogo na kuyaacha magari makubwa yamekwama kwenye tope. Akasema siri ya ushindi ule ilikuwa difu iliyokazwa kuliko ya gari lolote siku ile, kwa sababu mjomba hakuwa mtu wa kuogopa. Watu walicheka kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na akina mama wenzangu, magoti yananiuma, na sikucheka. Difu ile niliifunga mimi, na haikuwa imekazwa. Niliporudi nyumbani nilivua viatu vyenye tope, nikachemsha chai, nikaiacha ikapoa mezani. Nimeona niandike ilivyokuwa, maana tuliokuwapo tulikuwa watatu na wawili wamekwisha kwenda.

Nilifika Mbeya mwezi wa sita, wakati wa baridi kali, nikiwa na miaka ishirini na moja na ufundi wa magari niliouanza jeshini. Huko walinipeleka karakana kwa sababu jikoni palikuwa pamejaa wasichana, na nilipotoka sikutaka tena kazi nyingine. Reli ya kwenda Zambia ilikuwa inakaribia kumalizika, na barabara kuu ilikuwa haipumziki kwa malori ya mafuta na shaba. Gereji zote za mjini zilikuwa na kazi kuliko mikono. Ndiyo maana Fundi Gwakisa alinichukua. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, aliyejifunzia ufundi kwenye migodi ya Zambia na kurudi na kikohozi na tabia ya kutosema neno ambalo spana ingeweza kulisema. Gereji yake ilikuwa nyuma ya Soko Matola: banda la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na chumba cha spea kilichotenganishwa na chumba cha chai kwa mbao zilizoachana. Wateja wengi waliponiona mwanzoni waliniagiza chai. Fundi aliwaacha waniagize, kisha chai ilipofika aliwaambia kwamba huyo aliyewaletea ndiye atakayefungua injini yao, na waliokuwa na haraka wangeweza kwenda kwingine. Nilipanga chumba kwa mjane aitwaye Mama Tumpe, ambaye kila jioni alipika ndizi kwa maharage na kunikatia parachichi, na ambaye kwa mwezi mzima aliamini nafanya kazi ya ukarani gerejini, mpaka siku alipofua ovaroli yangu.

Lameki alikuwa Mhehe mwenzangu, wa Kihesa, Iringa, kama mimi, mwenye miaka ishirini na saba hivi. Aliendesha lori la mafuta kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Zambia, na kila alipopita Mbeya aliingia gerejini akinisalimu kwa sauti, “Kamwene, dada Skola,” hata kabla ya kumsalimu mwenye gereji. Mwezi wa saba alikuja akivuta kwa kamba gari dogo jekundu la Ulaya, la milango miwili. Alikuwa amelipata kwa mhandisi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao, ambaye huko kwao alikuwa akilikimbiza kwenye mashindano na hapa alilikimbiza mpaka injini ikafa. Pamoja na gari alipewa sanduku la mbao lenye spea na daftari la mistari ya bluu. Gari lile lilivutwa na magurudumu ya mbele, jambo ambalo wakati ule wengi wetu tulikuwa tumelisikia tu. Lameki alitaka kulifufua ili apande nalo mlima wa barabara ya Chunya mwezi wa tatu, kwenye mashindano ambayo wenye magari wa mjini walikuwa wanayapanga. Kwa miaka sita alikuwa ameendesha lori la mtu mwingine kwa mwendo aliopangiwa na mtu mwingine. Aliniambia kwamba kabla hajafikisha thelathini anataka kujua kama yeye ni dereva au ni mzigo unaoshika usukani.

Injini tuliimaliza mwezi wa tisa. Kilichobaki ni difu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwa asiyejua, difu ndiyo inayogawa nguvu ya injini kati ya tairi la kushoto na la kulia. Gari likikata kona, tairi la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu ya kawaida huliacha kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Ubaya wake huonekana kwenye tope: tairi moja likiteleza, nguvu yote hukimbilia huko na kupotea, na lile lililokanyaga pagumu hubaki limesimama. Ndani ya sanduku la mhandisi mlikuwa na difu mbili za mashindano, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta, ambazo kazi yake ni kuzuia hasara hiyo. Moja ilikuwa ya meno: tairi likianza kuteleza, meno yanauma na matairi mawili yanakuwa kitu kimoja ghafla. Nyingine ilikuwa ya visahani: visahani vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama chapati, vikibanwa na springi, na kadiri unavyovibana ndivyo matairi mawili yanavyozidi kufungamana. Mhandisi alikuwa ameandika maelezo kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Nilikaa na daftari lile jioni nyingi kitandani kwangu, kwa Mama Tumpe, nikifuata michoro kwa kidole. Penye mchoro wa visahani palikuwa na namba nane imekatwa, sita imekatwa, na nne imezungushiwa duara mara mbili.

Tulianza na ya meno kwa sababu Lameki aliitaka. Tulilipeleka gari kwenye barabara ya vumbi nyuma ya uwanja wa ndege, asubuhi, Fundi Gwakisa amekaa kwenye jiwe na kofia yake ya sufu. Mara ya kwanza na ya pili gari lilipita vizuri. Mara ya tatu Lameki alikanyaga mafuta akiwa katikati ya kona, tukasikia kishindo cha chuma, usukani ukajizungusha wenyewe na gari likavuka mtaro. Alitoka ameshika mkono. Kidole gumba kilikuwa kimegeukia upande usio wake. Nilidhani mambo ya difu yameishia pale. Lakini Lameki, Fundi alipokuwa anakivuta kidole kile na kukifunga kwa kitambaa, jasho likimtoka usoni, hakuzungumzia maumivu. Alizungumzia ule mvuto. Alisema hajawahi kuhisi gari likiitii barabara namna ile, na kwamba kama meno yanauma vibaya, basi tuchomelee difu ya kawaida, matairi mawili yawe kitu kimoja daima, tuache kubahatisha.

Fundi alikataa. Ni mara chache sana nilimsikia akieleza jambo kwa urefu, na siku ile alieleza. Alisema kule Igawa, ukishuka Usangu, amewaona wafugaji waliotoka kaskazini wakilima kwa ng'ombe wawili, na ukimtazama mlimaji anapofika mwisho wa tuta utaona kwamba ng'ombe wa ndani anapunguza hatua na wa nje anarefusha. Ukiwafunga miguu yao pamoja watavuta kwa nguvu sana, lakini hawatageuka, wataingia shamba la jirani. Na hili gari, alisema, magurudumu yanayovuta ndiyo hayo hayo yanayogeuza. Lameki alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema kwamba kwenye mlima ng'ombe anayegeuka vizuri huku amekwama hana faida. Walikubaliana tutumie ya visahani. Swali likabaki moja: tuibane kiasi gani?

Tulikuwa na njia ya kupima, tuliyoiiga kwenye mchoro wa mhandisi. Unanyanyua tairi moja la mbele kwa jeki, jingine linabaki chini, gia unaiacha huru. Kisha unafunga bomba la chuma la urefu wa mita moja kwenye kitovu cha tairi lililo juu, bomba limelala, na kwenye ncha yake unatia mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia ya mahindi. Unavuta polepole. Tairi likianza kuzunguka unasoma kilo. Kilo nyingi maana yake difu imebana. Lameki alitaka kumi na mbili. Mimi, kwa sababu ya duara la mhandisi, nilitaka nne. Fundi Gwakisa alisema tuanze na nane, na mimi nikaifunga nane. Ilipokuja mvua ya kwanza, mwezi wa kumi na moja, tulikwenda kuijaribu kwenye njia ya shamba huko Uyole. Nilikuwa nimekaa kando ya Lameki. Kwenye kona ya pili, iliyolowa, aligeuza usukani wote kushoto na gari likaenda mbele kama halikuambiwa kitu. Matairi nilikuwa nayaona kwa dirisha yamekunjwa kushoto kabisa, na sisi tunakwenda mbele. Tulivunja ua wa matete na kusimama katikati ya mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yanaota. Mwenye shamba alitusimamia na jembe mkononi mpaka Lameki akamwomba radhi na kumsaidia kuurudishia ua. Njiani kurudi nilimwambia difu imebana mno. Alisema matairi yamekwisha, na kwamba nane si huku wala kule, ndiyo maana. Alipoyasema hayo alikuwa ananitazama mimi badala ya barabara.

Mwezi wa pili, yakiwa yamebaki majuma matatu, nilikuwa kwenye chumba cha spea natafuta oilisili nikawasikia wakizungumza ng'ambo ya mbao. Walikuwa wanakunywa chai na viazi vya kuchemsha. Nilisikia hata Fundi akipuliza kikombe. Lameki alikuwa anasema kwamba mimi ni fundi mzuri lakini nafunga kwa woga, kwamba mwanamke akifikiria mlima anafikiria kuanguka, na kwamba nisipokaza kumi na mbili atalipeleka gari kwenye gereji ya mtu mwingine ambaye hatamuuliza maswali. Nilisubiri Fundi anitetee. Nilimsikia akimimina chai nyingine, kisha akasema, “Gari ni lako, mwanangu. Atafunga utakavyo.” Nilibaki nimesimama na kile kipete cha mpira mkononi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, ila hofu ilizidi hasira, kwa sababu nilikuwa nimeiona njia ya Chunya. Kule juu, penye kona zilizobanana, upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu na upande mwingine hakuna kitu, unatazama bonde lote mpaka macho yanachoka. Gari lingekataa kugeuka pale, halingeingia kwenye mahindi ya mtu. Na sheria ya mashindano ilitaka kila gari liwe na watu wawili. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Lameki alinichagua kwa kuwa mwepesi na kwa kujua kutengeneza.

Siku iliyofuata Fundi alikwenda kwenye mazishi Tukuyu na Lameki alikuwa safarini. Nilishusha giaboksi mwenyewe, nikafungua difu kwenye meza, nikatoa springi moja nene na kuweka nyembamba, nikafunga, nikapima. Nne kamili. Nilipima mara tatu. Mchana ulikuwa mtulivu, wauza mboga wamekaa chini ya mabati wakisubiri mvua ipite, na mimi nilikuwa na hakika kuliko nilivyowahi kuwa na hakika katika maisha yangu. Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimemkatalia mtu tu. Lakini Lameki alirudi siku mbili baadaye na kusema anataka kuona kwa macho yake. Nilinyanyua tairi, nikafunga bomba, na ndoano sikuitia kwenye ncha. Niliitia karibu na kitovu, theluthi ya njia, mahali nilipokuwa nimeweka alama ya chaki. Ukivuta karibu hivyo unahitaji nguvu mara tatu; mtoto aliyewahi kufungua nati ngumu anajua. Lameki alikuwa dereva, hakuwa fundi. Alivuta mwenyewe, kidole gumba kikiwa bado kimepinda kidogo, akasoma mizani: kumi na mbili. Aliniweka mkono begani akaniomba msamaha kwa maneno aliyokuwa ameyasema juu yangu, maneno ambayo hakujua kwamba niliyasikia. Nikamjibu kwamba hakuna neno. Alipoondoka, Fundi Gwakisa alikuja, akalitazama bomba, akaitazama alama ya chaki. Alichukua tambara lililolowa petroli akaifuta, akalirudisha bomba mahali pake. Tangu siku hiyo tulikuwa wawili ndani ya jambo lile.

Asubuhi ya mashindano ilinyesha tangu alfajiri. Magari yalikuwa kumi na moja, mengine makubwa ya kazi za serikali yaliyoazimwa, na watu walijipanga kwenye ngema wakiwa na miavuli na majani ya migomba vichwani. Tuliondoka wa saba. Kazi yangu ilikuwa kumsomea kona nilizoziandika kwenye karatasi, na nilizisoma, lakini masikio yangu yalikuwa chini ya miguu yangu, kwenye giaboksi. Kona ya kwanza tuligeuka. Ya pili tuligeuka. Tulipofika msitu wa Kawetere tulilipita gari la kijani lililozama mpaka kwenye vitovu, dereva wake amesimama nje anavuta sigara mvuani. Kisha ikaja kona niliyokuwa naiota: kulia kwa mzunguko mkali, mteremko wa bonde upande wangu wa kushoto, na maji ya mvua yamechimba mfereji katikati ya njia. Lameki aliingia kwa kasi kuliko tulivyokubaliana. Tairi la ndani lilinyanyuka juu ya mfereji, likazunguka hewani, na kwa muda ambao hauwezi kuwa zaidi ya pumzi moja gari lilikuwa linatelezea upande wangu na niliona ncha za miti chini yangu. Ndipo nikahisi tairi la nje likishika, taratibu, kama mtu anayekushika mkono na kukuvuta bila kukukwapua. Pua ya gari ikageuka kulia. Lameki akapiga kelele, ya pekee niliyoisikia kwake siku ile: “Unaona, dada? Kumi na mbili hizo!”

Tulifika juu na kushinda. Kwa saa ya msimamizi tuliwapita wa pili kwa dakika nzima. Kulikuwa na moto chini ya turubai na wanawake wa Kisafwa wakichoma mahindi, na tulisimama pale tunatetemeka kwa baridi na kucheka, masizi ya mahindi midomoni, bonde lote limefunikwa na ukungu. Watu walimjia Lameki kumuuliza, naye aliwaambia wote kumi na mbili. Aliwaonyesha kwa mikono jinsi mizani ilivyosoma. Kila alipoisema alinigeukia ili nithibitishe, na mimi nilithibitisha kwa kichwa. Nilijiambia nitamweleza kesho, akishatulia. Kesho alikuwa na safari ya Zambia. Aliporudi, habari ilikuwa imeshakuwa kubwa, na kumwambia kungekuwa kumpokonya kitu mbele za watu. Kwa hiyo niliacha. Nimeishi muda mrefu sasa na nimefanya makosa mengine, lakini sijawahi tena kukosea kwa urahisi kama ule, huku nala hindi.

Mwezi wa tano dada yangu aliolewa Iringa na nilikwenda kwa majuma mawili. Tulikunywa ulanzi, tulicheza, nilivaa kitenge na watu wakasema angalau leo unafanana na binti. Nilikuwa sijui kwamba Lameki amealikwa kwenye mbio ndogo za njia za mashamba ya chai, huko Igowole, mkoa huo huo wa Iringa, na kwamba alihisi difu imekuwa laini kidogo. Kwa kuwa sikuwapo na Fundi Gwakisa alikuwa amelala na kifua chake, aliingia gereji moja ya kando ya barabara kuu. Akamwambia fundi wa pale kwamba difu yake hufungwa kumi na mbili, airudishie kumi na mbili. Yule fundi alipima kwa mita moja kama inavyotakiwa, akakuta tatu na nusu, akamwambia visahani vimelika sana. Akabana. Hakufanya kosa lolote. Aliambiwa namba na mtu aliyeiona kwa macho yake. Kesho yake, kwenye udongo mwekundu wa Igowole, kona ya kushoto kati ya michai, Lameki aligeuza usukani wote na gari likaenda mbele. Mbele palikuwa na ukuta wa mawe wa karavati. Aliyekaa kando yake alitoka na mchubuko. Lameki mguu wa kulia ulibanwa chini ya usukani, na walipofika hospitali madaktari waliukata chini ya goti.

Habari nilizipata kwa dereva wa lori aliyekuja nyumbani kutafuta ndugu za Lameki. Nilipanda lori hilo hilo. Wodi ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, madirisha ya juu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na ya uji wa mahindi. Mama mmoja aliyekaa kando ya mumewe, kitanda cha jirani, alikuwa anasimulia habari ya mbuzi aliyepotea, na hakunyamaza muda wote niliokuwa pale. Lameki alikuwa amelala chali, blanketi limeshuka ghafla mahali ambapo lilipaswa kuendelea. Alinisalimu kama kawaida yake, kwa sauti ndogo. Akaanza kunieleza alichokuwa anakifikiria siku zote tano: kwamba haelewi. Kwamba difu ilikuwa ile ile, kiasi kile kile, tope ni lile lile, na Mbeya ilimgeuza na Igowole ikamkataa, kwa hiyo kosa ni lake, amesahau kuendesha. Hilo ndilo lilikuwa linamla. Mguu alikuwa hajaufikia bado.

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumpa pole. Ningeweza kumpa pole na kuondoka; hakuna aliyejua isipokuwa Fundi, na Fundi hangesema. Nilimwambia. Nilimwambia nne, nikamwambia springi nyembamba, nikamwambia bomba na alama ya chaki na mahali nilipotia ndoano. Nilimwambia na maneno niliyoyasikia nyuma ya mbao. Alinisikiliza akitazama dari. Aliniuliza jambo moja tu, kama Fundi Gwakisa alijua, nikasema alijua. Mama wa jirani alikuwa amefika mahali ambapo mbuzi ameonekana kwa jirani yake. Kisha Lameki akasema, taratibu, bila hasira niliyokuwa naisubiri:

“Ungeniambia pale juu, tukila mahindi, ningekutukana siku mbili. Siku ya tatu ningekuwa nimekuelewa. Na mguu ningekuwa nao.”

Aliniomba niondoke, nikaondoka. Nilirudi kesho yake na uji ndani ya chupa ya chai, akageukia ukutani, nikauacha kwa muuguzi. Nilirudi siku ya tatu, na ya nne. Siku ya tano alikunywa, akiwa bado amegeukia ukutani. Likizo yangu ilikuwa imekwisha zamani.

Mbeya nilimwambia Fundi Gwakisa kwamba naacha kazi. Alikuwa amekaa kwenye jua amejifunga blanketi. Alisema kwamba kama kuacha kungerudisha mguu tungeacha wote wawili, yeye akiwa wa kwanza, kwa sababu mimi nilificha kwa woga wa kijana na yeye alifuta chaki kwa uvivu wa mzee ambaye hataki kelele gerejini kwake. Kisha akakohoa muda mrefu, na alipomaliza alinielekeza kwa kidevu lori lililokuwa linasubiri breki. Nilivaa ovaroli. Mwenye lori alitaka breki za nyuma zifungwe zilivyo, akidai mikanda bado inafaa. Nilimwambia haifai na sitaifunga. Alimgeukia Fundi kutafuta mwanamume wa kuzungumza naye. Fundi alisema hajui kitu, yeye ni mgonjwa, fundi ni yule. Mwenye lori akachukua lori lake akaenda. Nililitazama likipinda sokoni na nilikuwa nimeloa jasho kama niliyepanda mlima.

Mwaka ule uliishia kwangu mwishoni mwa mwezi wa sita, baridi imerudi, siku alipoingia gerejini mzee mmoja wa Igowole na gari la mizigo lililochoka. Alisema ameelekezwa na kijana wa Kihesa aliyelala kitanda cha jirani naye hospitalini, kijana wa magongo, ambaye alimwambia asipeleke gari kwa mtu mwingine. Nilimuuliza huyo kijana alisemaje hasa. Mzee akafikiri, akataka kulisema vizuri. “Alisema kuna mwanamke pale. Alisema atakachoniambia kitaniudhi, lakini siku hizi anasema.”

Niliingia chini ya gari lake nikakaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kiungo cha usukani kilikuwa kimelika mpaka unaweza kukitikisa kwa vidole viwili. Nikatoka, nikajifuta mikono, nikamwambia gari lile halirudi Igowole siku ile. Alikasirika sana, akataja mkewe, akataja mbolea, akataja umri wake. Kisha akaniuliza mahali pa kulala, nikampeleka kwa Mama Tumpe.